Muziki Darasani, Obokano Nje

Nilipokuwa darasa la saba, mapema katika miaka ya 1990, nilipata alama zote katika jaribio la muziki pasi na kufungua kinywa kuimba neno hata moja. Mwalimu wetu alichora mistari mitano ubaoni, akapachika juu yake vichwa vya noti mithili ya mbayuwayu waliotua kwenye nyaya za simu, nasi tukakariri: yenye kichwa kitupu kisicho na kijiti ni mapigo manne, yenye kichwa cheusi na kijiti ni pigo moja. Kinanda hatukuwa nacho, wala filimbi. Wakati wa kujibu ulipofika tulichagua A, B, C au D, kisha tukarejea nyumbani tukijisifu kwamba tunaujua muziki.

Simlaumu mwalimu yule. Mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985 ulimtwika somo ambalo hakuandaliwa kulifundisha, na mtihani wa KCPE ulilipima kwa karatasi na penseli, hata mtahiniwa akaweza kulifuzu bila kusikia sauti ya ala yoyote. Mambo yaliharibika zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtihani ulipopunguzwa ukabaki na karatasi tano za jumla ya alama 500, na muziki ukatupwa nje. Somo lilidumu kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Walimu wanaoyasoma makala haya wanafahamu fika kipindi hicho kiligeuka kuwa kipindi cha nini. Hisabati, aghalabu.

Lakini katika miaka iyo hiyo ya ubao na mbayuwayu, palikuwa na muziki mwingine hatua chache kutoka shuleni. Jirani yetu alikuwa mpigaji wa obokano. Asiyeifahamu ala hii na afikirie nyatiti ya Wajaluo, kisha aikuze: nyuzi nane vilevile, bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na sauti nzito inayonguruma na kuvuma, ambayo msikilizaji huihisi kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia uzi wa nailoni wa wavuvi. Mama yangu, mwumini wa kweli, hakupenda tuisogelee. Kwake obokano na pombe vilikuwa ndugu. Hivyo nikakua nikiwa na muziki wa aina mbili: mmoja ulioruhusiwa ambao haukuwa na sauti, na mmoja uliokuwa na sauti ambao haukuruhusiwa.

Miaka mingi ilipita kabla sijang'amua, nikiwa mwanafunzi wa isimu, kwamba kilichonipotea hapo hakikuwa burudani tu. Ekegusii ni lugha ya toni. Neno huwa na silabi za juu na za chini, na mpando huo na mshuko huo ni sehemu ya maana yake sawasawa na irabu au konsonanti. Tahajia yetu haizionyeshi toni hizo. Isitoshe, irabu saba za lugha huandikwa kwa herufi tano. Kwa hiyo mtoto wa Kisii na Nyamira asomapo kitabu cha Ekegusii hulazimika kujaza kwa sikio lake kile ambacho maandishi yameacha. Mtoto huyu huja shuleni akiwa na sikio lililonolewa tangu utotoni kubagua sauti ya juu na ya chini. Ni mtaji ambao mwalimu yeyote wa muziki angeutamani. Nasi hatuugusi.

Msomaji aliyezoea Kiswahili huenda asiuone uzito wa jambo hili, maana Kiswahili chetu hakitumii toni kutofautisha maneno. Kina mkazo, na kwa kawaida mkazo huo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo kila mwalimu wa Kiswahili anajua kitakachotokea akihamisha mkazo katika neno barabara: njia ya magari hugeuka kuwa "sawasawa". Basi na afikirie wimbo mzima ambamo karibu kila neno limehamishwa hivyo. Ndivyo ilivyokuwa wamishonari walipofika Gusii mwanzoni mwa karne ya ishirini, Wakatoliki huko Nyabururu na Waadventista huko Nyanchwa, wakatia maneno ya Ekegusii katika tuni zilizotungwa Ulaya na Marekani. Tuni ilipanda pale ambapo neno lilitaka kushuka. Waumini waliimba kwa moyo, na maana waliipata kwa kuwa waliijua tayari.

Tatizo hili halikuwa letu peke yetu. Huko Ghana, Ephraim Amu, aliyeishi kati ya mwaka 1899 na 1995, alilitambua katika Kiewe na Kitwi, akaanza kutunga nyimbo za kwaya ambazo tuni yake hufuata toni za maneno. Hakushukuriwa upesi. Mwaka 1933 alifutwa kazi katika chuo cha ualimu cha kanisa kule Akropong, miongoni mwa makosa yake likiwamo la kuhubiri akiwa amevaa vazi la Kiafrika. Huko Hungaria naye Zoltán Kodály alishikilia kwamba mtoto aanze na nyimbo za jadi za lugha ya mama yake, kisha ndipo afundishwe kusoma noti. Na tusidhani kwamba Kodály aliichukia solfa, ile do-re-mi tuliyoletewa na Waingereza. Aliitumia, na hata ishara za mikono alizozitia katika ufundishaji wake zilitokana na za John Curwen wa Uingereza. Solfa ni kifaa kizuri cha kukitaja kile ambacho sikio limekwisha kukisikia. Ubaya huingia inapotangulia mbele ya sikio.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulirudisha matumaini. Muziki ulipata nafasi yake tena, na wazazi wa Gredi ya 4 wakajikuta madukani wakinunua filimbi za plastiki ziitwazo rekoda. Nilizisikia jioni nyingi kitongojini kwetu, na kunradhi kwa wanaozipenda, lakini rekoda arobaini zikipigwa kwa pamoja na watoto wasioelekezwa ni adhabu. Mwaka 2024 masomo yalipopunguzwa, muziki wa sekondari msingi uliunganishwa na sanaa nyinginezo na michezo, likawa somo moja. Mwalimu mmoja sasa anatakiwa kujua kuchora, kuigiza, kuimba na kufunza mpira. Anachokijua ndicho atakachokifundisha, na wanaoujua muziki ni wachache.

Zipo pia bendi. Katika sherehe za shule za kibinafsi mjini Kisii nimewaona watoto wa miaka kumi wakiwa wamevaa kofia za manyoya, wakipiga ngoma za gwaride na tarumbeta huku wazazi wakipiga picha. Sizibezi. Bendi humfunza mtoto kuwasikiliza wenzake, na wapo waliopata riziki katika bendi za polisi na jeshi. Ila ngoma zile na tarumbeta zile ni ghali, na shule ya umma kule Borabu au Nyamache haitazinunua mwaka huu wala mwaka ujao.

Obokano huingia shuleni mara moja kwa mwaka, na huingia kama kibarua. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1927, lina mashindano ya nyimbo na ala za kiasili. Kwa hiyo muhula wa pili ukifika, shule hutafuta mzee. Ninamfahamu mmoja katika Kaunti ya Nyamira. Shule fulani ilimwita, akawafunza watoto wiki tatu kwa nauli na chakula cha mchana. Timu ilifika ngazi ya eneo. Picha ya kikombe ilitundikwa ofisini, mzee hakuitwa tena hata kupewa asante, na ala waliyoinunua ilitiwa stoo, ambako panya waliila ngozi. Aliponisimulia, alicheka. "Mwanangu," aliniambia, "mimi walinihitaji kama jembe."

Najua nitaulizwa: je, watoto wasio Abagusii, ambao ni wengi mjini, watafanyaje? Swali hilo ni la haki. Lakini sera yetu ya lugha, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mahali palipochanganyika hutumika Kiswahili. Muziki unaweza kufuata njia iyo hiyo. Tena ala haina kabila. Eriko Mukoyama alitoka Japani, akajifunza nyatiti Siaya, akajulikana kama Anyango. Naye Grandmaster Masese ameipandisha obokano jukwaani pamoja na ushairi, mbele ya vijana ambao labda hawakuwahi kuiona kwa babu zao.

Mwezi wa Februari, mbali kabisa na msimu wa tamasha, nilimwomba mwalimu mkuu wa shule moja ya umma kibali cha kumleta yule mzee katika kipindi cha kawaida cha Gredi ya 5. Mzee aliketi kwenye kigoda chake, akamwambia mvulana mmoja aseme sentensi yoyote ya Ekegusii. Mvulana alisema anataka kwenda nyumbani. Mzee akaijibu kwa nyuzi mbili, juu na chini, vile vile ilivyosemwa, na darasa zima likaangua kicheko kwa sababu lilielewa. Mtoto wa tatu au wa nne alipokuwa akisema sentensi yake, msichana mmoja aliyeketi nyuma alikuwa tayari ameanza kuitafuta kwenye rekoda. Mwalimu wao aliiandika ubaoni kwa solfa, akafuta, akaandika tena.

Tulikubaliana mzee arudi kila Alhamisi. Mwalimu mkuu, mtu muungwana, alinionyesha vitabu vyake vya hesabu: hakuna fungu la fedha linaloruhusu kumlipa mtu asiye na cheti cha ualimu. Nauli ya muhula huu ninailipa mimi. Ya muhula ujao bado tunaijadili.