Nani Alipe Ili Makala Isomwe Bure?

Mwishoni mwa mwaka 2020 wachapishaji wa jarida la Nature walitangaza bei ya kuifanya makala moja isomwe na kila mtu bila malipo: yuro 9,500, ambazo wakati ule zilikuwa kama dola 11,390. Kwa makadirio ya shilingi 2,500 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 28 za Tanzania. Kwa shilingi 130 za Kenya, zinakaribia milioni moja na nusu. Msomaji halipi chochote. Anayelipa ni aliyefanya utafiti, au chuo chake, au mfadhili wake, tena baada ya makala kupita mikononi mwa wahakiki ambao wenyewe hawalipwi hata senti.

Mhadhiri wa Dodoma, Eldoret au Bujumbura anayetaka kazi yake isomwe ana njia kadhaa, na gharama zake zinaanzia sifuri hadi bei ya gari lililotumika. Wengi huijua njia moja tu, ile iliyotajwa kwenye barua pepe ya mhariri.

Walioanzisha vuguvugu la machapisho huria hawakukusudia tufike hapa. Tamko la Budapest la Februari 2002 lilitaka matokeo ya utafiti yasomwe, yanakiliwe na kusambazwa mtandaoni bila msomaji kukwamishwa na bei. Lilikuwa dai la haki, na sisi tuliokuwa tukisoma muhtasari wa makala na kuishia hapo tulilipokea kwa mikono miwili. Lakini makampuni makubwa ya uchapishaji yalitafuta pesa zao mahali pengine. Mlango wa kusoma ulipofunguliwa, ada ikawekwa kwenye mlango wa kuandika. Jarida la PLOS ONE, lililoanza mwaka 2006 kwa ada ya dola 1,250, sasa limevuka dola 2,000, na hilo ni la shirika lisilolenga faida. Majarida mengi yanayoheshimika katika afya, kilimo na mazingira yako kati ya dola 2,000 na 4,000. Kwa hesabu yetu, dola 2,500 ni shilingi milioni sita na robo kwa makala moja.

Hapo ndipo mtu huambiwa asijali, kuna msamaha kwa nchi maskini. Msamaha upo kweli, na anayestahili autumie bila haya. Ila masharti yake yanatofautiana sana, na asiyeyasoma mapema huumia.

Wachapishaji wengi hufuata madaraja ya kipato ya Benki ya Dunia, au orodha ya Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 kwa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo njia ya kusoma majarida ya afya. Mwandishi aliye Uganda, Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi zilizo katika daraja la kipato cha chini, mara nyingi husamehewa ada yote. Kenya ilipanda na kuingia kipato cha kati cha chini mwaka 2015, Tanzania mwaka 2020, na kwa wachapishaji wanaofuata madaraja ya Benki ya Dunia daraja hilo kwa kawaida lina punguzo la nusu tu. Nusu ya dola 2,500 bado ni zaidi ya shilingi milioni tatu. Mhadhiri wa Morogoro hakuongezewa mshahara siku Benki ya Dunia ilipotangaza kwamba nchi yake imepanda daraja, wala maktaba yake haikuongezewa bajeti, lakini kwa wachapishaji hao haki yake ya msamaha kamili ilipungua. Afrika Kusini, iliyo daraja la kipato cha kati cha juu, mara nyingi hutakiwa kulipa kama Ujerumani.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti wachache wanalijua. Januari 2023 kampuni ya Springer Nature ilitangaza kwamba waandishi kutoka nchi zaidi ya 70 za kipato cha chini na cha kati cha chini hawatalipa chochote makala yao ikikubaliwa na Nature au majarida ya utafiti yanayobeba jina hilo. Maana yake Mtanzania anaweza kuchapisha bila ada katika moja ya majarida ghali zaidi duniani, kisha akadaiwa nusu ya ada katika jarida la kawaida kabisa. Hapa bei haielezi gharama ya kazi iliyofanyika. Inaeleza tu mchapishaji ameamua kumwonea nani huruma mwaka huu, na mwakani anaweza kuamua vingine.

Kabla hujatuma makala, uliza mambo matatu. Nani anahesabiwa? Majarida mengine humwangalia mwandishi wa mawasiliano pekee. Mengine hutaka waandishi wote watoke nchi zinazostahili, hivyo mwenzako mmoja wa Uingereza akiwemo, msamaha umekwisha. PLOS, katika mpango wake wa nchi zenye kipato kidogo, imekuwa ikitazama pesa za utafiti zilikotoka: zikiwa nyingi zimetoka ng'ambo, unahesabiwa kama wa ng'ambo. Pili, msamaha unaombwa lini? Wengi hutaka uombe siku unayowasilisha, na ukisubiri makala ikubaliwe hawakusikilizi. Tatu, je, jarida ni huria lote au ni mseto, yaani linauza usajili kwa maktaba na papo hapo linamtoza mwandishi anayetaka makala yake iwe wazi? Majarida mseto kwa kawaida hayamo kwenye msamaha.

Ukitegemea mfadhili, soma mkataba upya. Gates Foundation, inayogharimia utafiti mwingi wa afya na kilimo katika ukanda wetu, iliacha kulipa ada za kuchapisha kuanzia Januari 2025. Sasa inawataka watafiti wake waweke muswada wazi mtandaoni, kisha wachapishe popote wanapotaka kwa gharama zisizotoka kwake.

Agizo hilo linatupeleka kwenye njia ninayoipendekeza kwa nguvu zote kwa asiye na pesa: chapisha katika jarida la usajili, ambalo kwa kawaida halimtozi mwandishi, kisha weka muswada wako katika hifadhi ya kidijitali. Vyuo vyetu vingi vikubwa vina hifadhi hizo. Chuo Kikuu cha Nairobi na Sokoine cha Morogoro ni mifano miwili. Asiye na hifadhi chuoni kwake anaweza kutumia Zenodo, inayoendeshwa na kituo cha utafiti cha CERN tangu 2013, au AfricArXiv iliyoanza 2018 kwa ajili ya watafiti wa Afrika. Gharama ni sifuri. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kutunza faili. Makala ina sura tatu: rasimu uliyoituma, muswada uliorekebishwa baada ya uhakiki na kukubaliwa, na nakala iliyopangwa kurasa na kuwekwa nembo ya jarida. Hiyo ya tatu kwa kawaida ni ya mchapishaji. Ya pili, yenye maudhui yaleyale, mara nyingi unaruhusiwa kuiweka wazi, wakati mwingine baada ya kusubiri kati ya miezi sita na ishirini na minne. Masharti ya kila jarida yanapatikana katika orodha iliyojulikana kwa miaka mingi kama Sherpa Romeo. Mkutubi wa chuo ataitafuta nawe kwa dakika chache. Inasikitisha kuona makala za malaria, mihogo na maji, zilizoandikwa na watu wetu kuhusu vijiji vyetu, zimefungiwa kwa sababu tu hakuna aliyeupakia muswada uliokwisha kuruhusiwa.

Njia ya haki kuliko zote ni jarida lisilomtoza msomaji wala mwandishi. Amerika ya Kusini imeijenga kwa miongo. SciELO ilianza Brazil mwishoni mwa miaka ya 1990, Redalyc ikafuata Mexico, na vyuo pamoja na serikali vikabeba gharama kama vinavyobeba gharama za maktaba. Utafiti uliotolewa Machi 2021 ulikadiria kwamba duniani kuna majarida ya namna hii kati ya 17,000 na 29,000, ingawa mengi ni madogo na kwa jumla hutoa asilimia 8 hadi 9 tu ya makala za kitaaluma. Orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, ina majarida huria zaidi ya 20,000, na mengi kati yake hayatozi ada. Unaweza kuichuja ibaki na hayo tu. Anza hapo kabla ya kwenda kwingine kokote.

Nyumbani kuna African Journals OnLine, iliyoanza 1998 na kuendeshwa Afrika Kusini, yenye mamia ya majarida ya bara hili. Si yote yaliyo humo yaliyo wazi, na baadhi hutoza ada ndogo, lakini tofauti kati ya ada hizo na dola 2,500 haihitaji kikokotoo. Mwaka 2024 shirika la EIFL, pamoja na African Journals OnLine na mtandao wa WACREN wa Afrika Magharibi na Kati, lilianza mradi wa miaka mitatu wa kuyaimarisha majarida ya Afrika yasiyotoza ada. Kwa wanaoandika kuhusu lugha na fasihi, Swahili Forum husomwa bure mtandaoni na huchapisha kwa Kiswahili. Lugha nayo ni sehemu ya haki: utafiti kuhusu ufugaji wa Kagera usomeke na afisa ugani wa Kagera.

Majarida haya yana udhaifu wake, na sitauficha. Toleo linaweza kuchelewa kwa miezi. Mhariri ni mwalimu mwenye vipindi vyake darasani, anayehariri usiku bila posho. Programu ya kuendeshea jarida, Open Journal Systems, hutolewa bure tangu 2001, lakini seva, umeme, mhariri wa lugha na mpangaji wa kurasa havitolewi bure. Chuo kikilipia makala mbili tu kwa dola 2,500 kila moja, kimetoa zaidi ya shilingi milioni 12 zinazoondoka nchini. Pesa hizo zingemlipa mhariri msaidizi wa jarida la chuo hichohicho kwa miezi kadhaa, na kila makala ya mwaka ingefaidika.

Hatari iko kwa walaghai wanaojificha kwenye bei nafuu. Barua pepe inakusifu, inakuahidi uhakiki wa siku tatu, kisha inakuja ankara. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS ya India na washirika wake kulipa zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti kuhusu uhakiki na ada. Ada ndogo peke yake si dalili ya ulaghai, wala ada kubwa si dhamana. Tazama kama jarida limo DOAJ, kama wahariri waliotajwa wanakiri kuwa ni wao, na kama ada imeandikwa wazi kabla hujatuma chochote.

Kikwazo kikubwa kinachobaki kimo mikononi mwetu. Kamati ya kupandisha vyeo inapohesabu jarida la ng'ambo kuwa bora kwa sababu tu ni la ng'ambo, inamsukuma mhadhiri kijana kwenye ankara asiyoweza kuilipa, au kwa walaghai. Aliyekaa kwenye kamati hiyo ana uwezo wa kupendekeza, katika kikao kijacho, kwamba makala isomwe kabla ya kupewa alama, na kwamba jarida lililomo DOAJ au lenye uhakiki wa kweli lihesabiwe sawa, liwe limechapishwa Amsterdam au Zanzibar.