61,741,120: namba iliyomhesabu hata mtu wa Galula

Kila aliyelala Galula usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 aliingia kwenye hesabu. Galula ni kata ya Wilaya ya Songwe, huko kwenye bonde la Ziwa Rukwa, na kama kwingineko nchini Tanzania, makarani wa sensa walipita kaya kwa kaya wakiwa na vishikwambi. Tarehe 31 Oktoba, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza jumla: watu 61,741,120. Mkoa wa Songwe peke yake ulikuwa na watu 1,344,687.

Jumla hiyo ya nchi nzima imekuwa ikitajwa kila panapopangwa madarasa, zahanati na maji. Ni haki yake. Lakini ukiitazama kama namba tu, ina mambo ya kushangaza.

Aliyewahi kutafuta kigawo kikubwa cha shirika (KKS) na kigawe kidogo cha shirika (KDS) shuleni anaweza kuipasua mwenyewe. Inagawanyika kwa 2 mara sita mfululizo, halafu kwa 5, kwa 7 na kwa 43. Kinachobaki ni 641, namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Na 641 si namba ngeni kwa wanahisabati. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler wa Uswisi akaonesha kuwa sivyo: ni 641 mara 6,700,417.

Sasa tazama tarakimu nne za mwanzo: 6174. Mwaka 1949 D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule nchini India, aligundua siri yake. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne ambazo angalau mbili zinatofautiana. Zipange kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha ndogo hadi kubwa, utoe. Rudia. Kwa hatua zisizozidi saba, utaangukia 6174. Mwaka wenyewe wa sensa, 2022, unafika kwa hatua nne:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Hiyo ni sadfa tupu. Hakuna aliyeipanga, na haitabiri lolote. Linalogusa zaidi ni hili: namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Angeongezeka mtu mmoja tu, tuseme mtoto aliyezaliwa Galula kabla ya usiku ule kwisha, jumla ingekuwa 61,741,121, nayo haigawanyiki kwa 2, 5, 7, 43 wala 641. Vigawo vyote vya namba ya kwanza, isipokuwa 1, vingepotea kwa sababu ya mtoto huyo mmoja.

Walimu wa hisabati, wa Galula na wa kwingineko, waiandike namba hii ubaoni siku ya kufundisha vigawo. Wanafunzi wao wenyewe wamo ndani yake.