Mizani na vina katika Utendi wa Mwana Kupona

Tumeulizwa kwa nini mabinti huuhifadhi upesi wasia huu, alioutunga Mwana Kupona wa Pate mwaka 1858, naye mgonjwa, kumwachia bintiye. Kila ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya mwanzo hushirikiana kina. Cha nne huishia "ya", ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Masikio huisubiri.

Basi wanaougeuza Kiunguja ili watoto wafahamu wajihadhari: "ndiya" ikishakuwa "njia", kina kimevunjika. Sisi twaona neno la Kiamu libaki, mzazi aeleze maana.

Ila kuhifadhika kwake hakuufanyi kuwa hadithi ya Mtume (S.A.W.). Haki za mke na mume zina dalili zake katika Qur'ani na Sunna.

Wallahu aalam.