Kununua Motaboti Kuukuu

Karafuu zikisha kuuzwa, wako wanachama ambao hununua motaboti iliyokwisha tumika, na ndiyo mara yao ya kwanza. Tunawashauri wasiinunue ikingali inaelea. Ngoja maji ya bamvua, ipwelewe mchangani, umwite fundi wa vyombo. Rangi mpya si neno. Adunge mbao kwa ncha ya kisu, hasa karibu na mkuku.

Uliza ilifanya kazi katika maji gani. Tuseme una jamaa Ndungu, wilayani Same, naye akuambie iko boti ya Bwawa la Kalemawe. Maji baridi hayali chuma kama bahari, hivyo mashine yake yaweza kuwa njema. Lakini maji hayo huozesha mbao. Boti ya Pemba ni kinyume: chumvi huzihifadhi mbao (wadudu wa baharini wasipozitoboa), bali huziba kwa kutu njia za maji ndani ya mashine.

Mashine na iwashwe ikiwa baridi. Ukiikuta imekwisha pashwa moto, rudi kesho. Vuta kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamepenya, na matengenezo yake huweza kupita bei ya boti yenyewe.

Tembea nayo saa nzima, kisha tazama ngama. Gunia la karafuu kavu likilowa hapo, kazi yote ya kuchuma na kuanika imepotea. Wala usitoe fedha kabla ya kuona hati ya usajili. Kwetu visiwani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.