Moses Huyu Si Musa wa Biblia

Mama mpendwa, je, huwa unafungua kitabu kabla ya kumpa mtoto, au unatazama jina tu? Sisi tuliwahi kutazama jina tu.

Hapa Buhongwa tunajitolea kutunza kabati la vitabu vya watoto kanisani. Siku moja tulipokea vitabu vya Kiingereza vyenye jina la Moses. Bila kuvifungua, tuliviweka kwenye fungu la hadithi za Biblia. Kimoja, *Moses and the Ghost*, tulikificha kwa sababu ya mzimu uliotajwa katika jina lake.

Jumapili iliyofuata mama mwenzetu alikuja amekasirika. "Mama nesi, ni Musa gani huyu anayelala bwenini na kukosana na walimu?" Alikuwa amemnyang'anya kitabu mwanawe wa kidato cha kwanza. Kijana huyo hakuwahi kumaliza kitabu chochote, na sasa alisema hataki tena vitabu vyetu.

Tulipovisoma

Mwandishi wake ni Barbara Kimenye, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1929 na kufariki mwaka 2012. Kama sisi, alisomea uuguzi. Aliolewa na kijana wa Bukoba, wakaja kuishi huko, ng'ambo ya ziwa letu, miaka ya 1950. Baadaye alifanya kazi ya uandishi wa habari Uganda na Kenya. Vitabu vya Moses vilianza kutolewa na Oxford University Press miaka ya 1960.

Basi ni vya aina gani? Si hadithi za Biblia, wala si ngano kama zile za sungura na fisi. Ni hadithi za kubuni za maisha ya shule, zenye vichekesho na mikasa, katika shule ya bweni nchini Uganda. Moses hakuwekwa humo awe kielelezo. Msomaji anacheka, kisha anapima mwenyewe lipi jema na lipi baya.

Sisi wauguzi tunajua kwamba dawa ya kupaka ikiwekwa kati ya dawa za kunywa, itamdhuru mtu. Kosa si la dawa, ni la aliyeipanga. Kitabu nacho ni hivyo hivyo.

Fanya hivi nyumbani

Soma kurasa chache za mwanzo. Mwambie mtoto kama ni habari ya kweli, ngano au hadithi ya kubuni. Akimaliza, muulize: Moses alikosea wapi? Wewe ungefanya nini? Msikilize bila kukaripia.

Tulimwomba radhi mama yule, na kijana tukamwomba radhi pia. Tulihamisha vitabu vyote kwenye fungu la hadithi za shule, pamoja na kile cha mzimu. Kijana alirudi baada ya majuma mawili. Aliyekuja kuazima cha pili alikuwa mama yake.