Soko la Kikundi: Daftari Lisiwe la Mtu Mmoja

Katikati ya mwezi, mama mboga huwa na sukuma wiki inayonyauka mezani, fundi wa baiskeli ameketi bila kazi, na muuza maji ameegesha mkokoteni wake kivulini. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakihitaji. Kinachokosekana ni shilingi za kununuliana.

Baadhi ya vikundi vya wafanyabiashara wadogo vimelijibu tatizo hili kwa vocha za kikundi. Mwanachama hupokea vocha kutoka kwa mwenzake badala ya shilingi, kisha naye hununua kwazo kwa mwanachama mwingine. Vocha hizo si pesa halali za nchi, na benki haizibadilishi. Ni ahadi: anayeitoa ameahidi kwamba yeye na wenzake watatoa bidhaa au huduma ya thamani hiyo.

Ahadi hizo zote huandikwa kwenye daftari. Likipotea au likichezewa, mama mboga aliyetoa mboga za wiki nzima hubaki hana cha kuonyesha. Ndiyo maana usalama wa soko la kikundi huanza na swali moja: daftari liko mikononi mwa nani?

Yaliyotokea Mikindani

Mombasa ina historia ndefu katika jambo hili. Mnamo Mei 2013, wafanyabiashara wa mtaa wa Bangladesh, eneo la Mikindani, walizindua vocha ya karatasi iliyoitwa Bangla-Pesa, wakishirikiana na shirika la Grassroots Economics. Kila mwanachama alipaswa kudhaminiwa na wanachama wenzake, kisha akapewa vocha za thamani ya 400. Nusu ilikuwa ya biashara yake, na nusu nyingine ya kazi za jamii kama vile usafi wa mtaa.

Kabla mwezi huo haujaisha, watu sita waliohusika na mradi walikamatwa, akiwemo mwanzilishi wa shirika hilo, Will Ruddick, kwa tuhuma za kughushi. Mashtaka yaliondolewa Agosti mwaka huo huo, na baadaye vocha zikarudi sokoni. Miaka iliyofuata vocha kama hizo zilianzishwa Kawangware na Kibera jijini Nairobi, na katika Kaunti ya Kwale. Hatimaye zikahamia kwenye simu chini ya jina la Sarafu, ambapo hata mwenye simu ya kabambe anaweza kulipa kwa kubonyeza nyota na reli.

Funzo la mwaka 2013 bado lina uzito. Kikundi kinachoweza kuonyesha kimetoa vocha ngapi, ziko kwa nani na zinafanya kazi gani, kina jibu la kumpa yeyote anayeuliza, awe mwanachama, chifu au polisi.

Hesabu inayoweza kukaguliwa na yeyote

Uwazi hauhitaji mhasibu. Tuseme kikundi kina wanachama 30, na kila mmoja alipewa vocha za 400. Jumla iliyotolewa ni 12,000. Vocha zitazunguka, huyu abaki na 150 na yule awe na 900, lakini masalio ya wote yakijumlishwa ni lazima yarudi kwenye 12,000. Yakitimia 12,600, kuna vocha za 600 zilizoingia bila idhini. Yakiwa 11,400, kuna zilizopotea au hazikuandikwa.

Hesabu hii inaweza kufanywa mbele ya kikao kizima kwa dakika chache. Masalio yakisomwa kwa sauti na jumla ikaandikwa ubaoni, hata asiyejua kusoma anasikia salio lake na kulipinga likiwa si sahihi. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa tayari vina desturi inayofanana: kabla ya kutawanyika, jumla ya hazina hutangazwa na wanachama huikariri, ili kikao kijacho kianze kwa kuulizana.

Salio la mtu ambalo ni kubwa mno nalo ni habari. Muuza maji mwenye vocha nyingi asizoweza kuzitumia ni dalili kwamba wengine wananunua kwake lakini hawampi naye nafasi ya kununua. Kikundi kinacholiona hilo mapema humtafutia mahali pa kuzitumia kabla hajachoka na kuanza kuzikataa.

Nakala kabla ya mvua

Daftari moja la karatasi linaweza kuloana masika. Simu moja inaweza kuibwa ndani ya matatu. Hata mitambo mikubwa huanguka: Julai 2023 huduma za eCitizen zilitatizika kwa shambulio la mtandaoni, na tarehe 25 Agosti mwaka huo umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya nchi.

Wataalamu wa kompyuta wana kanuni rahisi ya 3, 2, 1. Kumbukumbu ziwe na nakala 3, zikae kwenye aina 2 tofauti za hifadhi, na nakala 1 iwe mbali na pale zilipo nyingine. Kwa kikundi cha mtaani, kanuni hiyo inaweza kutekelezwa hivi: daftari la karatasi kwa karani, picha za kurasa zake kwenye simu ya mweka hazina, na nakala ya tatu kwenye flashi inayotunzwa na mwanachama anayeishi mtaa mwingine. Kila mwanachama pia awe na kijitabu chake, ili daftari kuu likipotea liweze kuandikwa upya kutoka kwenye vijitabu hivyo.

Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haifai kutegemewa. Kila baada ya miezi mitatu, kikundi kifungue nakala yake kwenye simu nyingine na kulinganisha masalio ya wanachama watatu watakaochaguliwa papo hapo. Vikundi vingi hugundua siku ya msiba kwamba flashi haifunguki, au kwamba nakala ya mwisho ilifanywa mwaka uliopita.

Kufuli tatu, funguo tatu

Wanachama wa vikundi vya akiba wanalijua sanduku la kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hutunzwa na mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata akiwa na haja ya dharura au akishawishiwa.

Soko la vocha lapaswa kuendeshwa vivyo hivyo. Kutoa vocha mpya, kumwondoa mwanachama au kusahihisha salio kuhitaji idhini ya angalau watu 3 kati ya 5 waliochaguliwa na kikao. Watano hao wasitoke nyumba moja, na kila mmoja atunze nambari yake ya siri. Ikiwa mwenyekiti ndiye anayejua nambari zote tano kwa sababu wengine hawataki usumbufu, kufuli ni tano lakini ufunguo ni mmoja.

Mitambo ya aina ya blokucheni, ambayo Sarafu imetumia, hupeleka wazo hili kwenye kompyuta. Kila malipo huandikwa kwenye daftari ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Anayebadilisha ukurasa kwenye nakala moja hugundulika, kwa kuwa nakala nyingine hazikubaliani naye.

Hata hivyo, mtambo wenyewe hautoshi. Kikundi kiulize kama kinaweza kupakua kumbukumbu zake zote wakati wowote na kuzihamishia kwingine, na kama kuna mtu zaidi ya mmoja anayejua kuuendesha. Mtambo ukifungwa au gharama ikipanda, wenye kumbukumbu zao mkononi ndio watakaoendelea na biashara.

Uwazi una mipaka

Daftari la wazi halina maana kwamba siri za watu zianikwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda kila Mkenya, na humpa mhusika haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Kilichoandikwa kwenye blokucheni ni vigumu mno kukifuta. Kwa hiyo jina kamili, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu zisiandikwe humo. Mwanachama apewe nambari ya kikundi, na orodha inayounganisha nambari na majina itunzwe kando na maafisa wachache.

Jambo hilo linawezekana. Kumbukumbu za malipo ya Sarafu za tangu Januari 2020 hadi Juni 2021, za watumiaji takriban 40,000, zilichapishwa kwa ajili ya watafiti bila majina ya wahusika. Yeyote anaweza kuona jinsi vocha zilivyozunguka nyakati za janga la korona bila kujua nani alinunua nini.

Taarifa za wanachama zikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, sheria inataka Kamishna wa Ulinzi wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Pa kuanzia

Kikundi kinachotaka kuanzisha soko la vocha, au ambacho tayari kinalo, kinashauriwa kufanya haya:

1. Kijisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo.

2. Kiandike kwenye katiba yake idadi ya vocha zitakazotolewa, na watu wangapi wanahitajika kuibadilisha.

3. Kisome masalio na jumla katika kila kikao, na kuandika jumla hiyo kwenye kumbukumbu za kikao.

4. Kiweke nakala tatu, na kuzijaribu kila robo mwaka.

5. Kibadilishe watunza funguo kwa zamu, ili kila mwaka kuwe na wanachama wapya wanaojua kazi.

6. Kikubaliane mapema mwanachama anayehama au kufariki vocha zake zitalipwaje.

Mwanachama yeyote ana haki ya kuomba kuliona daftari, na kuomba huko si kumtuhumu mtu. Karani mwaminifu ndiye anayefaidika kwanza, kwa sababu siku hesabu itakapokosa kutimia, kutakuwa na macho mengi ya kushuhudia kwamba mkono wake ulikuwa safi.