Mwalimu wa Shamba Aliyejifunza Muziki kwa Posta

Watu wengi wasikiapo habari za mabingwa wa muziki wa Ulaya hufikiri juu ya watoto wa ajabu: Mozart aliyepiga kinanda mbele ya wafalme angali mdogo, au Liszt aliyewashangaza watu wa Vienna kabla hajatimiza miaka 12. Habari za Anton Bruckner si za namna hiyo. Huyu alianza kazi akiwa mwalimu msaidizi katika shule ya kijiji, mtu mwenye haya na mwenye kuogopa wakubwa. Masomo yake makubwa aliyafanya akiwa mtu mzima, tena kwa sehemu kubwa aliyafanya kwa barua. Mtihani wake wa mwisho aliufanya ana umri wa miaka 37, wakati ambapo Mozart alikuwa amekwisha kufa.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba, 1824, katika kijiji cha Ansfelden, karibu na mji wa Linz, nchi ya Austria. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya pale, na babu yake vile vile. Katika nchi ile siku zile mwalimu wa kijiji hakufundisha kusoma na hesabu tu. Siku ya Jumapili yeye ndiye aliyepiga kinanda kanisani na kuwaongoza waimbaji, na palipokuwa na arusi yeye ndiye aliyeshika fidla ili watu wacheze. Mshahara ulikuwa mdogo, na senti za fidla zilisaidia kulisha watoto. Kwa hiyo kwa kijana Bruckner muziki haukuwa anasa ya matajiri, bali ulikuwa sehemu ya kazi, kama chaki na ubao.

Mwezi Juni, 1837, baba yake akafariki, naye Anton alikuwa mtoto wa miaka 12. Siku ile ile mama yake akampeleka kwenye monasteri ya St. Florian, akapokewa awe mmoja wa watoto waimbaji. Katika kanisa la pale palikuwa na kinanda kikubwa mno kilichojengwa katika karne ya 18, chenye maelfu ya filimbi, na sauti yake haikumtoka moyoni maisha yake yote.

Alipokuwa na miaka 16 alisoma kozi ya ualimu mjini Linz, na mwaka 1841 akapelekwa katika kijiji kidogo cha Windhaag. Kazi ya mwalimu msaidizi ilikuwa ya kudharauliwa. Alipaswa kupiga kengele ya kanisa alfajiri, saa kumi za usiku wakati wa kiangazi, kisha kufundisha, kisha kwenda shambani kulima, kugeuza majani makavu na kutandaza samadi. Malipo yake yalikuwa gulden 12 tu kwa mwaka, pamoja na chakula na mahali pa kulala. Yasimuliwa kwamba siku moja alikataa kazi ya samadi, na ugomvi ukatokea, hata wakubwa wa St. Florian wakamhamisha. Kule alikohamishiwa, Kronstorf, palikuwa padogo kuliko Windhaag, lakini palikuwa karibu na mji wa Enns, ambako alikaa mwalimu mmoja hodari wa muziki, Leopold von Zenetti. Bruckner akawa akimwendea kwa miguu ili ajifunze.

Tangu mwaka 1845 alikuwa mwalimu katika St. Florian, na baadaye mpiga kinanda wa pale. Wengine wangalitosheka. Yeye hakuwa na hakika ya maisha yake. Alifanya kazi ya ukarani bila malipo katika mahakama ya wilaya, na mwaka 1853 akaandika maombi apewe kazi ya ukarani Serikalini. Hakupewa. Jambo jingine lililomsumbua ni vyeti. Kila alipojua jambo alitaka apimwe na apewe hati yenye sahihi, na hati hizo alizitunza kama mtu atunzavyo hati za shamba. Watu walimcheka kwa hayo. Lakini mtoto wa mwalimu maskini, asiye na jina wala ndugu mkubwa mjini, angeonyesha nini kingine?

MZEE WA VIENNA

Mwezi Julai, 1855, alisafiri kwenda Vienna akiwa amechukua Misa aliyoitunga mwaka uliotangulia. Alikwenda kumwonyesha Simon Sechter, mzee wa miaka 66, mpiga kinanda wa kanisa la Kaisari na mwalimu katika Chuo cha Muziki. Sechter ndiye aliyesifiwa kuliko wote katika Austria kwa elimu ya sheria za sauti. Inasemekana kwamba aliandika fuga moja kila siku, na kwamba jumla yake zilipita 5,000. Ni ajabu kwamba katika wingi huo wote hakuna hata moja ambayo watu huipenda leo. Kipawa chake kilikuwa cha kufundisha.

Mzee huyo alikuwa amekwisha kupokea mwanafunzi mwingine wa umri kama huo. Mwezi Novemba, 1828, Franz Schubert, mtungaji wa nyimbo mamia na simfonia kadhaa, alikuja kwake kuomba masomo, kwa sababu aliona kwamba elimu yake ya kupambanisha sauti ilikuwa na upungufu. Alikuwa na miaka 31. Alipata somo moja, kisha ugonjwa ukamlaza, na tarehe 19 ya mwezi ule ule akafa. Bruckner naye alikuwa karibu kutimiza miaka 31 aliposimama mlangoni mwa Sechter. Mzee akaitazama ile Misa, akamkubali.

Tabu ilikuwa mahali. Mwisho wa mwaka ule Bruckner alipata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa kuu la Linz, na toka Linz hata Vienna ni safari ya kilomita zaidi ya 150. Reli ya kutoka Vienna haikufika Linz mpaka mwaka 1858. Kabla ya hapo mtu alikwenda kwa gari la farasi, au kwa meli ya moshi katika mto Danube. Basi wakapatana kwamba masomo yatakwenda kwa posta. Bruckner alijaza daftari zake Linz, akazituma. Sechter akazisahihisha Vienna, akazirudisha pamoja na kazi mpya. Mara moja au mbili kwa mwaka, katika majira ya Kwaresima au ya Majilio, alipopata ruhusa kazini, alikwenda Vienna akakaa na mwalimu wake kwa majuma kadhaa. Mambo yakaendelea hivyo kwa miaka sita.

Ni elimu gani hiyo iliyohitaji miaka sita? Mtu aliyepata kuimba katika kwaya ya sauti nne anaijua nusu yake tayari. Katika wimbo wa kawaida sauti ya juu huchukua wimbo wenyewe, na sauti nyingine tatu huutegemeza kama nguzo zinavyotegemeza paa. Katika elimu iitwayo kontrapunto hakuna nguzo wala paa. Kila sauti ina wimbo wake kamili, wenye kuanza na kuisha kwake, na zote huimbwa kwa wakati mmoja bila kugombana. Fuga ni namna moja ya kazi hiyo. Sauti moja huanza peke yake na wimbo mfupi. Ya pili huingia na wimbo ule ule mahali pengine pa juu au pa chini, huku ya kwanza ikiendelea na maneno mengine. Kisha ya tatu, kisha ya nne.

Zoezi gumu zaidi ni la kugeuza. Mwanafunzi huandika nyimbo mbili zinazokwenda pamoja, mmoja juu na mmoja chini. Halafu ule wa juu huteremshwa chini, na ule wa chini hupandishwa juu, nazo zinapaswa kupatana vile vile. Hapo ndipo mtego ulipo. Nafasi ya noti tano baina ya sauti mbili ni tamu sana. Lakini sauti zikigeuzwa, nafasi hiyo huwa ya noti nne, ambayo sheria za zamani haziikubali juu ya besi isipokuwa kwa masharti. Kwa hiyo kila anapoandika noti moja, mwandishi hana budi kuona mbele kama mchezaji wa bao, akijua itakuwaje mambo yakipinduliwa.

Bruckner aliyafanya haya baada ya kazi ya mchana, na inasimuliwa kwamba siku nyingine alikaa hata saa saba kalamu mkononi. Mwezi Januari, 1860, Sechter alipokea kifurushi chenye daftari 17 kwa pamoja. Mzee, ambaye si mtu wa kuogopa kazi, alimwandikia mwanafunzi wake kumsihi ajipumzishe asije akaugua. Onyo hilo lilikuwa la haki, kama ilivyoonekana baadaye.

Kulikuwa na sharti moja kali. Sechter alimkataza kutunga muziki wake mwenyewe muda wote wa masomo. Bruckner, aliyekuwa ametunga Misa nzima, akatii, na kwa miaka ile hakutunga ila vitu vichache sana. Wako wasemao kwamba mzee alimpotezea miaka bora ya ujana wake. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimwoni Bruckner mwenyewe alivyokuwa. Mtu yule hakuweza kujenga ghorofa juu ya msingi ambao hakuupima kwa mkono wake.

MTIHANI

Mwezi Machi, 1861, Sechter alimpa hati ya mwisho. Bruckner hakutosheka, akaomba mtihani mbele ya wakaguzi wa Vienna. Tarehe 21 Novemba wakakutana katika kanisa la Mapadre Wapiarist. Sechter aliandika wimbo mfupi wa vipimo vinne. Mkaguzi mwingine, Johann Herbeck, akataka urefushwe hata vikawa vinane, ili kazi iwe ngumu zaidi. Bruckner akapewa karatasi, akaambiwa apige fuga juu ya wimbo huo papo hapo. Alikaa kimya akiutazama, hata baadhi ya wakaguzi wakaanza kutabasamu. Kisha akaanza. Alipomaliza, Herbeck alisema kwamba yeye ndiye aliyestahili kuwatahini wao.

Baada ya ushindi huo alifanya jambo ambalo wengi wangeliona aibu. Alikwenda kwa Otto Kitzler, mwongozaji wa muziki katika jumba la michezo la Linz, kijana aliyezaliwa miaka kumi baada yake, akaomba afundishwe upya. Sechter alimfundisha sheria za zamani. Kitzler alimfundisha namna ya kupanga kazi ndefu, kwa kuzichambua sonata za Beethoven, na namna ya kuzigawa sauti kwa vyombo vya okestra. Daftari yake ya masomo hayo, yenye kurasa zaidi ya 300, ingalipo mpaka leo, nayo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Austria.

Mwaka 1867 onyo la Sechter likatimia. Akili ya Bruckner ilichoka kabisa, akawa hawezi kujizuia kuhesabu: majani ya mti, madirisha ya nyumba, kila kitu. Alitibiwa kwa miezi mitatu. Mwezi Septemba mwaka ule ule Sechter akafa katika umaskini, na mwaka 1868 Bruckner akaitwa Vienna kushika nafasi ya mwalimu wake katika Chuo cha Muziki.

Vienna haikumpokea vema kama mtungaji. Desemba 1877 aliongoza mwenyewe simfonia yake ya tatu, na watu wakatoka mmoja mmoja hata mwisho wakabaki wachache sana. Mmoja wa waliobaki alikuwa mwanafunzi Gustav Mahler, ambaye baadaye alikuwa mtungaji mashuhuri. Sifa hazikuja mpaka tarehe 30 Desemba, 1884, simfonia ya saba ilipopigwa Leipzig, naye amekwisha kuwa mzee wa miaka 60.

Desturi za kijijini hazikumtoka. Mwaka 1881, mwongozaji mkubwa Hans Richter alipokuwa akiijaribisha simfonia yake ya nne, Bruckner kwa furaha alimtia mkononi sarafu ya thaler, akamwambia akanywe bia. (Thaler zenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria zilitumika zamani hata katika pwani ya Afrika Mashariki.) Richter hakuitumia, aliifunga katika mnyororo wa saa yake.

Mwaka 1891 Chuo Kikuu cha Vienna kilimpa shahada ya udaktari wa heshima. Alipotakiwa kujibu, maneno yalimpotea, akasema kwamba kama pangekuwa na kinanda angeweza kuwaeleza. Katika karamu iliyofuata, mkuu wa Chuo Kikuu alisimama mbele ya watu, akasema kwamba yeye anamwinamia aliyekuwa mwalimu msaidizi wa Windhaag. Bruckner alikufa Vienna tarehe 11 Oktoba, 1896, simfonia yake ya tisa haijaisha. Kama alivyoagiza, alirudishwa St. Florian, akazikwa chini ya kile kinanda.